Picha ya Thelathini

Jumanne saa tatu na dakika kumi asubuhi, Peng Pin-chen alifuta meza kwa kitambaa chenye spiriti, akaweka fomu na kalamu mbili, kisha akamwonyesha Apo Fan picha ya kwanza. Ilikuwa picha ya kitana. Pin-chen alikuwa msichana wa mwaka wa nne wa shahada ya matatizo ya usemi, lugha na usikivu, na hii ilikuwa wiki yake ya pili ya mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya Miaoli. Apo Fan, apo maana yake bibi, alikuwa na miaka sabini na minane. Miezi mitatu nyuma kiharusi kilimnyang'anya maneno yake mengi, na thelathini kati ya hayo yalipaswa kutafutwa kwa kadi hizi za picha.

Apo aliikodolea macho ile picha, akahangaika na midomo, halafu akasema kitana. Alisema kwa Kihakka, lugha ya nyumbani kwake. Pin-chen alimwelewa bila shida, maana naye alilelewa na bibi yake kwa Kihakka hichohicho. Akaandika sufuri. Fomu ilitungwa kwa lugha ya taifa, na kanuni ya nne ilieleza waziwazi kwamba jibu la lugha nyingine yoyote si jibu.

Siku hiyo walipitia picha kumi. Mwavuli, sufuri. Ufunguo, sufuri. Apo alipata alama mbili tu, za basi na televisheni, kwa kuwa vitu hivyo vilimfikia ukubwani vikiwa tayari na majina ya lugha ya taifa.

Jumanne iliyofuata Apo aliletwa tena na binti yake, Yun-jiao, mama wa makamo anayeuza tambi sokoni. Wote wawili walikuwa wamelowa chapachapa kwa mvua. Yun-jiao alieleza, kama mtu anayelalamikia bomba linalovuja, kwamba nyumbani kwao vitana vimeisha. Alinunua kingine, kikafika mlangoni kikatoweka. Miavuli nayo haikai. Mlango wameuacha wazi kwa sababu funguo hazipo, ila televisheni inafanya kazi vizuri sana. Pin-chen aliwapa taulo. Alizitazama sufuri za wiki iliyopita, kitana, mwavuli, ufunguo, lakini akachukua fomu na wakaendelea na picha ya kumi na moja.

Picha ya kumi na nane ilikuwa daraja, nayo ikapata sufuri. Alhamisi daraja la nyuma ya nyumba ya Apo halikuwepo. Ofisi ya mtaa ilibandika tangazo la kuomba radhi kwa usumbufu, na watu wakaanza kuzungukia upande wa hekalu.

Ndipo Pin-chen alipofanya jambo ambalo wanafunzi hukatazwa: alifunua kadi zilizobaki. Picha ya thelathini ilikuwa msichana mwenye misuko miwili. Kwa Kihakka msichana huitwa moi-e, na mtu humwita hivyohivyo binti yake wa kumzaa. Apo alikuwa na mmoja tu. Pin-chen aliirudisha kadi mahali pake, na hofu iliyomshika hapo haikumwachia tena, si darasani, si mezani.

Alikwenda kwa msimamizi wake, Mwalimu Kao, akamweleza yote. Mwalimu Kao alikuwa akimenya yai lililochemshwa kwa chai, na hakuacha kumenya. Alisema amewahi kuona hivyo, tena zaidi ya mara moja. Fomu isipokamilika, matibabu ya Apo yanakatizwa na wiki za Pin-chen hazihesabiwi; na bila wiki hizo hakuna kuhitimu. Kubadilisha kanuni haiwezekani, kwa sababu majibu ya Miaoli lazima yalinganishwe na ya Taipei.

"Lakini Mwalimu, jibu lake ni sahihi," alisema Pin-chen.

"Shuleni kwetu aliyesema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni," alisema Mwalimu Kao. "Mimi nilikivaa siku kumi na moja. Ya kumi na mbili sikukivaa. Kula yai."

Pin-chen alikula yai.

Kisha akamtafuta Yun-jiao sokoni, akasubiri wateja wapungue, akamwambia kwa sauti ya chini picha ya mwisho ni ipi. Yun-jiao alikung'uta maji kwenye kichujio cha tambi, akatafakari.

"Basi nitamfundisha," alisema. "Mimi nilichapwa mpaka nikaijua lugha nzima, Mama hawezi kushindwa neno moja."

"Asipoweza je, Shangazi?"

"Asipoweza, kalamu unayo wewe, mwanangu."

Alimfungia tambi za kwenda nazo, na hakutaka kulipwa.

Jumanne ya tatu Apo alifika akiwa na lile neno mdomoni. Alilisema kwa lugha ya taifa pale mlangoni, akalirudia alipokuwa akikalishwa, na Pin-chen nusura amkumbatie. Yun-jiao alikaa kwenye kiti cha korido, akionekana kupitia kioo cha mlango, mfuko wa tambi mapajani. Mwalimu Kao alikaa kwenye kona kutazama. Lakini kulikuwa na picha tisa za kupita kwanza, na kila moja ilimchosha Apo. Walipofika ya thelathini jasho lilikuwa likimtiririka.

Aliitazama picha. Akatazama kioo. Uso wake ukakunjuka wote.

"Moi-e," alisema.

Halikukwama, halikukatika. Lilikuwa neno safi kuliko yote aliyosema tangu augue. Kanuni iliruhusu kumsaidia mara moja, kwa silabi ya kwanza, na Pin-chen alimpa silabi hiyo kwa lugha ya taifa. Apo alitikisa kichwa kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Moi-e."

Pin-chen aliishika kalamu. Aliwaza kuandika moja. Aliwaza miaka minne, na bibi yake aliyekwisha kununua fremu ya kutilia picha ya mahafali. Mwalimu Kao alikohoa kidogo pale kwenye kona. Pin-chen akaandika sufuri, ndogo sana, kana kwamba udogo wake ungepunguza kitu.

Kiti cha korido kilibaki na mfuko wa tambi, bado una mvuke. Kwenye faili la Apo, mahali pa jina la ndugu wa karibu palikuwa peupe. Muuguzi alikuja kuuliza bibi huyu ameletwa na nani, akajibiwa kwamba haijulikani, akaenda kutafuta nafasi katika nyumba ya wazee.

Apo alimshika Pin-chen kiganja kwa nguvu asizotarajiwa kuwa nazo. "Moi-e," alimwita. "Moi-e."

Ulimi wa Pin-chen ulikuwa umeshainuka kuitika, kama alivyozoea kumwitikia bibi yake.

"Usiitike," alisema Mwalimu Kao, kwa Kihakka kizuri cha Miaoli, akautupia jicho mlango na kile kiti kisicho na mtu nyuma ya kioo. Kisha kwa lugha ya taifa: "Jaza sehemu ya maoni."

Pin-chen hakuitika. Mkono wake wa kushoto ukiwa bado umeshikwa, aliandika kwa wa kulia: Mgonjwa anarudia sauti moja isiyo na maana.