Nyatichi Alipofutwa kwenye Ramani

Siku Nyatichi alipofutwa kwenye ramani ya simu, nusu ya mji wetu wa Chepseon ilijua kabla yake. Mimi ndiye niliyempelekea habari, na aki ya Mungu, mkono wangu ulikuwemo.

Nyatichi hutengeneza cherehani zilizoharibika. Walikuja na mumewe kutoka Kisii, mume akafariki, akabaki na mfuko wa bisibisi. Jumatatu yuko soko la Ndanai, Jumatano Mulot, siku zingine yuko hapa, kwenye chumba kando ya posho mill, kinu cha unga. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kimletee cherehani ishirini Ijumaa azitengeneze. Sasa mwalimu wao akapiga simu: hawamwoni tena kwenye simu, na hawawezi kuacha vyombo kwa mtu asiyejulikana aliko.

Tukamshika mkono, mimi na jirani yetu Rodah, hadi kwa Loice wa cyber, mwenye kompyuta za intaneti.

"Mmesimamishwa," Loice akasoma. "Mnashukiwa udanganyifu. Nani alimfungulia biashara tatu kwenye ramani kwa namba moja ya simu?"

Rodah, aliyekuwa ametoka kupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia, akainua kidole kama mtoto wa darasa la pili. "Si anafanya kazi kote? Nikamwekea Ndanai, nikamwekea Mulot."

"Ana duka huko?"

"Ana turubai."

"Na Alhamisi mteja akienda Mulot atapata nini? Mashine imeona namba moja, picha moja, mahali patatu. Ikasema huyu ni mwizi. Halafu hizi sifa kumi na tisa, zote Jumapili moja, intaneti ya nyumba moja!"

Nikaangalia dari. Ilikuwa siku ya chama chetu cha akina mama, kwangu, watu wamejaa mpaka jikoni. Kila mama alitoa simu yake akampa nyota tano.

"'Alinishonea gauni la harusi,'" Loice akasoma.

"Mimi sishoni gauni," Nyatichi akasema taratibu. "Miaka kumi na minane hapa, hakuna mtu ameniita mwongo."

Rodah akaanza kulia.

"Wacha, Rodah. Mlinipenda tu kwa haraka."

Tukapiga simu nyumba hadi nyumba, sifa zote zikafutwa. Loice akafuta Ndanai na Mulot. Ikabaki video ya kuthibitisha kwamba biashara ipo: barabara, kibao, mlango, vyombo, bila kukata. Tulikuja na nguo za kanisa tuonekane kwenye video, Loice akatufukuza sote.

"Chagua mahali pamoja, Mama. Pale mtu akija atakupata."

Tangu tumjue, Nyatichi akisema 'kwetu' anamaanisha Kisii. Alishika kufuli la mlango wa chumba chake.

"Ni hapa," akasema, akafungua.

Alhamisi akarudi kwenye ramani, bila nyota hata moja. Mwalimu wa chuo akaona, akasema kesho wanakuja. Tukapiga vigelegele mpaka posho mill ikazimwa watu waje kuuliza.

"Sasa nitaandika sifa!" Rodah akasema.

"Uandike nini, na wewe hujaniletea cherehani?" Nyatichi akamuuliza.

Rodah akaondoka kwenda kwake. Mvua ya saa nane ikampata njiani. Alirudi ameloa, gunia kichwani, na ndani cherehani ya mkono ya marehemu mama yake, imeshika kutu tangu mazishi.

Nyatichi akaipangusa na kitambaa cha mafuta ya taa, akajaribu gurudumu. Halikusonga.

"Hii ni kazi ya wiki mbili."

"Nitangoja," Rodah akasema, akavuta kiti.