Foronya ya Bibi Hildegardi

"Umemwandikia mama yangu kaburi," mzee Pankras akasema. Sauti ilishapanda mpaka kuku waliokuwa sebuleni wakajitoa wenyewe.

"Ni foronya."

"Naona ni foronya, sijasema ni suruali. Nakuuliza, kaburi la mama yangu umelishona lini?"

"Sasa mzee, foronya inakuwaje kaburi?"

"Usimwite mzee," mama yangu mimi akadakia. "Ni baba yako."

"Asiniite baba leo," mzee Pankras akasema. "Leo sitaki."

Hapo nikachanganyikiwa zaidi, maana tangu tuhamie huku Ngumbo ugomvi wote ulikuwa kwamba simwiti baba.

Foronya yenyewe alikuwa ameishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu anayetoa panya nje. Nyeupe, safi, niliifua mwenyewe na kuipiga pasi. Katikati LALA SALAMA, herufi kubwa. Chini yake BIBI HILDEGARDI. Chini kabisa 2025. Na pembeni nimeizungushia mshono wa msalaba, vimisalaba vidogo vidogo vimejipanga mstari mmoja, hakuna hata kimoja kilichopinda. Wiki tatu hiyo kazi. Mimi nilijua nimemaliza.

Kwetu Maguu kila kitanda kina Lala Salama. Ukienda kulala kwa mtu ukakuta mto hauna maandishi unajua hawakukutegemea. Sasa mtu ananiambia kaburi, mimi nielewe nini.

Mimi ni mwanaume na nadarizi. Watu wakisikia hivyo wanasubiri nicheke, wajue natania. Nilifundishwa darasa la tano kwenye Stadi za Kazi, wavulana na wasichana wote, wenzangu walipopewa maksi wakaacha, mimi mkono ukakataa kuacha. Na mimi ni mtu ambaye siwezi kukaa. Nikikaa mkono mtupu nainuka, natoka, narudi, ukiniuliza nimefuata nini sijui. Nikishika sindano natulia. Ndio dawa yangu hiyo, sina nyingine.

Baba yangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Mzee Pankras alikuwa anapandisha dagaa mnadani Maguu, akawa anamletea mama dagaa, akawa anamletea mama samaki aina ya mbasa, halafu nilipomaliza kidato cha nne wakafunga ndoa kanisani, tukashuka huku ziwani na magodoro yetu. Huku ni joto. Kule nilikuwa nalala na sweta, huku hata shuka linanipigia kelele. Mchanga unaingia mpaka kwenye chumvi. Ugali ni wa muhogo, ukiumega unakufuata. Sindano zangu zilianza kutu wiki ya pili, nikazifungia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Nyuzi za rangi zikaniisha, maana nilikuwa nanunua Mbinga mjini dukani kwa Mama Hafidha, huku hakuna. Ukabaki uzi mweusi tu.

Mama ndiye aliyesema, "Mfanyie Bibi kitu, akuzoee." Bibi Hildegardi ndiye mama yake mzee Pankras, miguu imemvimba, anashinda kwenye kochi anaangalia ziwa. Nikamfanyia kitu. Nikampa Jumapili baada ya misa. Akakisoma herufi moja moja na kidole, akakikunja, akakiweka chini ya kochi. Tangu siku hiyo hajalala. Usiku tatu anakaa wima pale pale, ukimwambia panda kitandani anasema, "Nikilala tu nimekwisha, nimeshaandikiwa." Namwamkia shikamoo, anaangalia ziwa.

"Nenda makaburini," mzee Pankras akawa anasema. "Kaangalie msalaba wa baba yangu. Umeandikwaje? Lala salama. Jina. Mwaka. Rangi nyeusi juu ya ubao mweupe."

"Mimi sijawahi kufika makaburini kwenu."

"Ndiyo maana ukamletea hapa hapa nyumbani, asitembee."

Nikamwangalia mama. Nilitaka aseme kitu. Akasema, "Glorious, lakini mwaka uliuweka wa nini?"

"Kila kazi naweka mwaka. Mwalimu alisema kazi ikiisha weka mwaka."

"Basi," mzee Pankras akasema, "umesikia mwenyewe. Kazi imeisha."

Akauchukua mfuko wangu. Ni mfuko wa kitenge, mama alinishonea, ndani mna vitambaa vyangu vyote, nyuzi, mkasi na lile kopo la sindano. Akauinua juu. "Nasema mara moja. Huu unaingia jikoni motoni sasa hivi, au wewe kesho unapanda gari unarudi Maguu. Chagua. Sitaki mtu anayeshonea watu vifo nyumbani kwangu. Na mwanaume mzima anakaa na uzi."

"Na wewe nyavu unashonaga na nini," mama akasema, "meno?"

"Edina, nyavu zinaleta samaki."

"Jana zimeleta samaki gani?"

Wakaenda hivyo. Mimi nikawa nafikiria Maguu. Maguu hakuna mtu. Nyumba yetu anakaa baba mkubwa na wanawe saba, na chumba changu kimewekwa kahawa. Nikirudi nalala juu ya magunia. Na mfuko ukiingia motoni nabaki huku na hii mikono, naifanyia nini? Nikijaribu kuchagua, kila ninachochagua naona afadhali kile kingine.

"Afumue," Bibi akasema.

Wote tukageuka. Tulikuwa tumemsahau, na ugomvi ulikuwa wa kwake.

"Afumue hapa hapa, nikiona. Na huo mfuko uweke chini, Pankras, usije ukamwaga sindano tukaja kuchomwa miguu. Weka hapa karibu yangu, asije akakimbia nao."

Mzee Pankras akauweka kwenye kochi. Nikachukua mkasi mdogo na foronya yangu, nikakaa sakafuni miguuni pa Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Toa mwaka."

"Naanza na herufi ya kwanza huku juu, ndiyo inafumuka vizuri."

"Toa mwaka kwanza. Hayo mengine tutazungumza."

Nikaanza na ile tano. Juu ya kichwa changu wale wawili wanaendelea. Mama anasema ningekuwa mwanaye angeniuliza kwanza ndio anifukuze. Mzee anasema ningekuwa mwanaye ningekuwa kwenye mtumbwi saa hizi. Mama anasema mtumbwi wenyewe unavuja. Mimi natoa nyuzi, navuta polepole kitambaa kisichanike. Mwaka ukaisha.

"Haya, Golosi," Bibi akasema. Jina langu halimkai mdomoni. "Sasa nitakufa lini?"

"Sijui Bibi."

"Umeona. Jumapili ulikuwa unajua."

Sikujua nicheke au niombe msamaha, nikaendelea na SALAMA.

"Na hii misalaba?"

"Hii si misalaba Bibi, ni mshono. Mshono wenyewe ndio unaitwa msalaba."

"Unaitwa msalaba lakini si msalaba."

"Ndiyo."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Glorious."

"Nalo ni jina la mshono?"

"Hapana Bibi, ni jina la mtu."

"Haya. Hesabu hiyo misalaba ukiwa unaitoa. Usiache mmoja."

SALAMA ilipoisha nikahamia kwenye misalaba, natoa nahesabu. Kumi. Kumi na moja. Kitambaa kilikuwa kinaacha vitundu, ukikiinamisha kwenye mwanga bado unasoma SALAMA na mwaka vizuri tu, bila uzi. Nikakilaza gorofa asione. Nikawaza kwamba nikimaliza atataka kukiinua juu akione, na hapo mfuko wangu ndio umekwenda. Nikaanza kwenda taratibu. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Nikarudia ishirini na mbili.

"Wewe Pankras," mama anasema, "huyu mtoto nilikwambia yuko hivi. Nilikwambia mnadani, nikakwambia nyumbani kwa paroko. Ukasema hamna shida."

"Hukusema anaandika miaka."

"Nilisema anadarizi."

"Mimi nilielewa anatengeneza radio," mzee akasema. Na sidhani kama alikuwa anatania.

Nikafika arobaini na moja. Nikainua uso. Alikuwa ameegemea upande, kichwa kimeshuka mpaka juu ya mfuko wangu wa kitenge, mkono umening'inia, macho yamefungwa, mdomo wazi.

"Mzee," nikasema.

"Nyamaza, naongea na mama yako."

"Baba."

Hiyo ndiyo iliyomgeuza. Akaona. Mama naye akaona, akajiziba mdomo. Hakuna aliyesogea. Kuku mmoja akachungulia mlangoni. Mimi nimeshika foronya, herufi zimebaki LALA peke yake na jina lake, na nikajiambia basi, Glorious, imeandikwa na imekuwa.

"Mama," mzee Pankras akaita. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, ya mtoto anayeomba maji. "Mama."

Bibi akakoroma.

Koromo refu, la mtu mwenye deni la usiku tatu. Mzee Pankras akakaa chini kwenye kigoda, akajipangusa uso kwa viganja vyote viwili. Halafu akaukumbuka mfuko. Akanyoosha mkono auvute, mama akamshika kifundo cha mkono.

"Thubutu," akamnong'oneza.

"Nilisema unaingia motoni."

"Mtoe mama yako kwanza hapo juu."

"Akiamka."

"Akiamka nini?"

"Sijui, Edina. Akiamka."

Nikauliza kwa kunong'ona, "Kwa hiyo mimi kesho napanda gari au sipandi?"

Mama akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Mzee Pankras akanionyesha mlango kwa kidevu. Nikashindwa kujua ananifukuza au ananiambia tu nimpishe Bibi alale. Nikamtazama nimsome usoni, uso wake wote uko kwa mama yake, anamhesabia pumzi. Nikasimama. Foronya nikaiacha sakafuni. Mkasi nikasahau nimeushika. Nikatembea kwa vidole mpaka mlangoni, nikatoka, na kwa vile ule mlango una kelele, nikaunyanyua kidogo kwa mikono yote miwili nikaufunga, Bibi asiamke, maana akiamka tu habari ya mfuko na gari inaamka naye.