Koti la Kompyuta

Dukani walimdhania bibi aliyekuja kumnunulia mjukuu, naye hakuwasahihisha. Angesemaje? Kwamba mshona mapazia wa umri wake, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, anataka kompyuta ya kuchezea gemu, tena yake mwenyewe? Wangecheka mpaka mbavu ziwaume, na sidhani kama ningewalaumu.

Ukweli ni kwamba alikuwa anamfuata bintiye. Huyo binti, mtoto wake wa pekee, alihamia mji wa mbali kikazi muda mfupi baada ya kumzika baba yake, na tangu hapo simu zikawa za kubahatisha. Akipigiwa jioni, jibu ni lilelile: "Mama, niko kwenye gemu na wenzangu, nitakupigia." Hapigi. Siku moja mama akauliza, huko kwenye gemu kuna nini hasa? Binti akachangamka, jambo lililokuwa adimu siku hizo. Akaeleza kwamba ni kijiji. Watu wanajenga nyumba, wanalima, wanaongea kwa sauti zao wenyewe, na yeyote anaweza kuingia. Nyumba yake yeye ina mlango wa buluu. Mama akakata simu akiwaza: kama yeyote anaweza kuingia, basi hata mama mzazi anaweza.

Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi. Alipoambiwa bajeti, alikohoa kwanza.

"Tutajibana, mama. Kuunganisha kipande kwa kipande hatuwezi, tuangalie zilizoungwa tayari."

Mama alikuwa ameshaganda mbele ya moja yenye ubavu wa kioo na taa za rangi zikizunguka ndani.

"Hiyo ni uzuri wa mkakasi," muuzaji alisema, akashusha sauti ili mwenye duka asisikie. "Pesa yote imeishia kwenye kioo na taa. Kadi ya picha, ile inayochora kila unachokiona, ni dhaifu. Gemu itakuwa inakwamakwama, mjukuu atakuja kunitukana mimi."

Akamwonyesha nyingine, kasha jeusi lisilo na pambo lolote. "Hii sura haina, lakini kadi yake ni ya maana. Memori ni ndogo kidogo, ila hiyo utaongeza ukijaliwa. Kubadilisha kadi ni gharama nyingine."

"Yaani kitambaa kwanza, marembo baadaye."

"Hapo sasa! Umenizidi kueleza."

Akaichukua ile nyeusi, pamoja na hedifoni yenye kipaza sauti. Muuzaji akampakilia ile gemu ya kijiji, akamwandikisha kwa jina la Jirani, akamwonyesha vya kutembea. "Huyo mjukuu ana bahati," alisema. Mama akajibu kwamba atamfikishia salamu.

Sasa, mtu ni kazi yake. Katika nyumba ya mshona mapazia hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina gauni, friji ina kitambaa kichwani, makochi yana mashuka. Hata kiti cha marehemu mumewe, pale dirishani, kilifunikwa shuka jeupe tangu msibani na hakuna aliyekikalia tena. Kwa hiyo kompyuta, kitu cha bei kuliko vyote humo ndani, ilishonewa koti la mahameli zito lenye bitana, limekaa mwilini kabisa, na tundu dogo la kupitishia nyaya. Alilitazama akaridhika.

Jioni ileile akaingia kijijini. Aligonga kuta, akatumbukia mtoni, akatoka, na hatimaye akaufikia mlango wa buluu. Ndani yake binti alikuwa anacheka. Kicheko kile mama hakuwa amekisikia tangu msiba, na machozi yakamlenga. Akatafuta kitufe cha kusemea. Kabla hajakibonyeza, kioo kikawa cheusi tii, na kompyuta ikawa ya moto kama pasi.

Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku iliyofuata pia. Anafika mlangoni, anazimika.

"Jirani katoroka tena!" alimsikia mmoja wa rafiki za binti akisema.

"Mwacheni," binti alijibu. "Labda kwao umeme ni wa shida."

Mama alibaki mbele ya kioo kilichozimika, hedifoni bado masikioni, akaona hata huko amekuwa mgeni. Asubuhi akampigia muuzaji kwa ukali wote aliokuwa nao. Yule bwana akaja mwenyewe. Alipoingia sebuleni alishika kiuno.

"Mama! Umeivalisha koti?"

"Vumbi, ndugu yangu."

"Hii inapumua! Mbele inavuta hewa, nyuma inatoa. Umeiziba pua, ndiyo maana inazimia." Akalivua lile koti, akalikunja kwa heshima, maana kazi nzuri huonekana. Akiaga, akaonyesha kiti cha dirishani. "Na ile nayo ni kompyuta?"

Mama hakucheka. Muuzaji akaelewa kwamba amegusa pasipoguswa, akaomba radhi, akaondoka.

Jioni hiyo kompyuta haikuzimika. Jirani alisimama kando ya mlango wa buluu, na wenzake binti walikuwa wamezunguka moto waliouwasha uani.

"Likizo hii unaenda kwenu?" mmoja aliuliza.

Binti akaongeza kuni motoni. "Sijui. Kwetu kila kitu kimefunikwa. Baba alipofariki, mama alikifunika kiti chake, tukafunika na midomo. Nikimtaja tu baba, mama anainuka kwenda kushona. Nampenda mama yangu, lakini pale sina pa kulia."

Mama aliomba kompyuta izimike kama ilivyozoea. Feni zikaendelea kuvuma tu, hewa inaingia, hewa inatoka. Basi akavua hedifoni, akaenda dirishani, akalivuta lile shuka jeupe. Vumbi likamwingia puani. Akakiburuta kiti mpaka mezani, akakikalia kwa mara ya kwanza, akavaa tena hedifoni na kubonyeza kitufe.

"Hodi."

"Kumbe Jirani anaongea!" mmoja alishangaa.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi mama yako. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako. Kimebonyea upande mmoja, vilevile alivyokiacha."

Mama akangoja, kidole bado juu ya kitufe. Halafu akasikia pumzi, na mtu akijikaza asilie na kushindwa.

"Wa kushoto," binti alisema. "Alikuwa anaegemea upande wa kushoto."