Vitabu vya Kusoma Kabla ya Kuja Orvale

Kila Jumanne asubuhi Verna Prokopchuk hufunga boksi la vitabu kwa kamba katika maktaba ya Orvale, mji wa watu mia mbili na kumi katikati ya mashamba ya ngano ya Saskatchewan. Vitabu ni sita na havibadiliki. Huwatumia watu wa mbali walioandika kwamba wanataka kuja kutembea huku kwenye nchi tambarare, je, wasome nini kabla ya safari. Verna anawaheshimu sana watu wa namna hiyo. Wale wanaokuja bila kusoma husimamisha gari kando ya barabara, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakasema hapa hakuna kitu, na wenyeji huwa wanawasikia.

Juu ya vitabu huweka karatasi ya maelekezo. Kitabu cha miaka ya ukame kifunguliwe juu ya sinki, maana vumbi lake ni jingi. Cha mashairi ya mke wa mkulima kibanwe kwa vibanio vya nguo na madirisha yaachwe wazi, la sivyo upepo wake utavunja vioo. Cha nzige kisisomwe karibu na mapazia ya kijani. Cha ndege hakina tabu. Yule mwenye kifua cha manjano atatoka ukurasa wa arobaini, ataimba juu ya kabati, kisha atarudi mwenyewe watu wakikaa kimya. Cha majira ya baridi kina sura kumi na mbili, na msomaji anashauriwa awe na koleo. Cha sita ni cha mapishi ya akina mama wa kanisa, nacho hakifanyi lolote ila kunenepesha.

Jumanne moja boksi lilikuwa limerudi kutoka Vancouver, na ndani yake mlikuwa na barua.

“Bi Verna,” iliandikwa, “vitabu nimevisoma vyote. Kile cha baridi kimenifukia sofa, na huku Vancouver sina koleo, nimechota theluji kwa sufuria. Jirani wa chini analalamika nzige wamemla mmea wake. Sasa nadhani niko tayari. Ila hakuna hata kimoja kinachomtaja babu yangu, Mah Wing Sun, aliyeendesha mkahawa hapo kwenu miaka hamsini na nane. Nasikia mji wenu una kitabu chake wenyewe. Nakuja Alhamisi kukisoma, Jumapili naondoka. Ni mimi, Lorraine Mah.”

Verna aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi.

Kitabu cha mji wanakiita Kitabu cha Bluu. Kilitolewa mwaka 1980, jimbo lilipotimiza miaka sabini na mitano na kila mji wa huku ukajitungia kitabu kinene cha familia zake. Kila familia ilijiandikia habari zake yenyewe, ikazipeleka kwa kamati, nayo kamati ikazipanga kwa alfabeti bila kugusa neno. Kugusa neno la jirani utakayekutana naye posta miaka arobaini ijayo si jambo la mzaha. Ndiyo maana, kwa mujibu wa Kitabu cha Bluu, Orvale haijawahi kuwa na mlevi, wala mvivu, wala mtu aliyevuna vibaya kwa kosa lake mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Elmer Thorvaldson, na mpaka leo ndiye, ana miaka themanini na minane. Familia yake ina kurasa tisa. Ukurasa wa kumi ni wa Dolly, farasi wao jike, na picha yake imejaa ukurasa mzima.

Verna ndiye aliyekuwa mpiga taipu wa kamati, msichana wa miaka ishirini na miwili. Alikuwapo siku Wing Sun alipokuja na karatasi yake mkononi na pai ya saskatoon, beri za mwituni za huku, ingali ya moto, kwa ajili ya kamati. Kamati iliila pai. Verna akautaipu ukurasa. Wiki mbili baadaye mpiga chapa akasema kitabu kimejaa, haongezi hata karatasi, na siku hiyohiyo ikafika picha ya Dolly. Ilibidi mmoja atoke. Kamati iliamua kwa muda mfupi kuliko wa kukoroga kahawa, na Verna akaanza kukoroga ya kwake.

Kitabu kilipotoka, Wing Sun alikuja maktaba amevaa tai. Akafungua kwenye herufi M. Upande wa kushoto, ukurasa wa 212, walikuwa akina Lysenko, na upande wa kulia, ukurasa wa 213, akina McPhail. Akatazama pale kati kwa muda. Kisha akafunga, akapangusa jalada kwa kiganja, akamwambia Verna, “Kitabu kizuri. Kizito.” Akarudi kupika. Alifariki mwaka 1982, na masika iliyofuata, saa tisa alasiri, sahani ya kwanza ya pai ikatoka kati ya ukurasa wa 212 na 213.

Tangu hapo wazee wameihamishia maktaba saa yao ya kahawa. Mkahawa ulikuwa umefungwa, na watu lazima wakae mahali.

Alhamisi, saa tisa kasoro dakika tano, walikuwa wameshaketi: Elmer kichwani mwa meza, Irene Lysenko kushoto kwake na Percy McPhail kulia, kila mtu na uma wake kutoka nyumbani. Hao ndio kamati, Verna akiwa katibu. Alikuwa ameitisha kikao rasmi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi, na daftari la muhtasari lilikuwa wazi mbele yake.

“Leo amechelewa,” Elmer akasema, akitazama saa ya mkononi, kisha kile kitabu.

“Hajachelewa. Saa yako ndiyo inakimbia,” Percy akajibu.

“Hii saa ya marehemu baba.”

“Ndiyo maana inakimbia. Inataka kumfuata.”

“Tumwache mzee kwanza ale,” Irene akasema, “ndipo mumzike.”

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele zimesimama zote upande mmoja. Akaufunga mlango kwa bega, kama anavyofunga mwenyeji.

“Upepo huu naufahamu,” akasema. “Ni ule wa ukurasa wa kumi na saba.”

Percy alimgeukia Irene. “Huyu kasoma.”

“Na umeonaje huko njiani, mama?” Elmer akauliza, maana hilo ndilo swali lao la kumpima mgeni.

“Mbingu yenu imezidi kidogo ile ya kitabuni,” Lorraine Mah akasema. “Mwandishi aliibana ili iingie.”

Wakamvutia kiti. Irene akampa uma wa akiba.

Saa tisa kamili Kitabu cha Bluu, kilicholala katikati ya meza, kilijifungua kidogo mahali pake. Sahani ilitoka kwa ubavu, kama kawaida, halafu ikalazwa. Nyuma yake ulionekana mkono wa shati jeupe lililokunjwa hadi kwenye kiwiko, na kovu la moto juu ya kidole gumba. Mkono ukaweka vipande vinne, kila kimoja na sahani yake, ukasita, ukarudi ndani, ukaleta cha tano.

“Kahesabu,” Irene akasema. “Hajawahi kukosea.”

“Ila zamani ilikuja na aiskrimu,” Elmer akasema. “Aiskrimu ilikatika mwaka tisini na sita. Hakutoa sababu.”

Lorraine alikuwa akilitazama lile kovu. “Mkono huu ulinipa pai nikiwa na miaka mitano,” akasema. “Alikuja kwetu kwa treni, ameipakata njia nzima. Shikamoo, babu.”

Mkono uligusa ukingo wa sahani yake, ukaisogeza karibu naye kidogo, ukaingia kitabuni.

“Charlie huyo,” Elmer akasema. “Babu yako alikuwa mtu mzuri sana, sikufichi. Mji mzima ulimpenda Charlie.”

“Anaitwa Wing Sun.”

“Ndiyo, ndiyo. Charlie.”

Percy alimweleza kwa upole. Aliyekuwa na mkahawa kabla yake ndiye aliyeitwa Charlie. Wing Sun alipoununua mwaka 1924 watu walikuwa wameshazoea, na hakuna aliyeona haja ya kuanza upya. Percy hakuona ubaya katika maelezo hayo, na kwa kweli aliyatoa kwa nia njema.

Lorraine alikivuta kitabu, akafungua kwenye M. Akawasoma akina Lysenko mpaka nukta ya mwisho, akawasoma akina McPhail neno la kwanza. Akapitisha kidole pale kati, kwenye mshono. Kidole kikatoka na unga.

“Ukurasa wake uko wapi?”

Uma zikapungua mwendo.

“Hakuleta,” Elmer akasema. “Wengi hawakuleta. Tarehe ya mwisho ilitangazwa kanisani.”

“Babu alikuwa haendi kanisani.”

“Na posta ikatangazwa.”

Verna alikuwa ameandika *Mwenyekiti alieleza kwamba tarehe ya mwisho*, hapo mkono wake ukakataa. Akaiweka kalamu mezani. Miaka arobaini na minne ilikuwa imepita tangu siku ile ya pai.

“Alileta,” akasema.

“Verna,” Elmer akasema, “katibu haongei.”

“Leo anaongea.”

“Sasa nani anaandika?”

“Hakuna,” Percy akasema, akichungulia daftari.

“Aliuleta mwenyewe, na pai,” Verna akasema. Alikuwa akimwambia Lorraine, si wao. “Niliutaipu kwa mikono hii. Ulitolewa ili aingie Dolly. Nilikuwapo na sikusema kitu, na yeye alipokuja kujitafuta humu ndani nilikuwa nimesimama pale kwenye kabati, na bado sikusema kitu. Naona aibu, dada. Nimeona aibu siku zote, na pai nimekula siku zote.”

Irene alimpelekea Verna leso, lakini Verna hakuwa akilia.

“Uliandikwa nini?” Lorraine akauliza.

“Mwanzo naukumbuka. *Nilishuka kwenye treni siku ya Alhamisi. Hapakuwa na wa kunipokea, basi nikaulizia kazi.* Na mwisho naukumbuka. *Mke wangu alinisubiri ng'ambo miaka ishirini na minane, kwa sababu ya sheria iliyowazuia Wachina kuingia nchini. Alipofika alisema, kumbe ni tambarare hivi.*”

Percy alicheka, akajizuia.

“Na katikati?” Lorraine akauliza.

“Katikati nimesahau. Nilijaribu kukumbuka kila masika. Pana kitu kuhusu jiko, na kitu kuhusu mtoto aliyezaliwa mkahawani wakati wa dhoruba ya theluji. Mengine yamekwenda.”

“Mtoto yule ni mimi,” Percy akasema. Hakuna aliyekuwa akijua hilo, na yeye mwenyewe alionekana kulikumbuka sasa hivi.

Verna alisimama, akanyoosha sketi. “Mheshimiwa mwenyekiti, natoa hoja. Ukurasa wa Mah Wing Sun, kwa maneno tuliyonayo, uchapwe na ubandikwe mahali pake katika kila nakala ya Kitabu cha Bluu. Na mji useme ulifanya nini.”

Elmer ni mtu wa utaratibu na hajawahi kumnyima mtu haki yake ya kikao. Aliketi wima.

“Hoja imetolewa. Yupo wa kuiunga mkono? Natoa dakika moja.”

Percy alivuta pumzi. Irene alikuwa ameshafumbua kinywa.

Lakini sauti zilikuwa zimepanda kidogo, na mkahawani, sauti zilipopanda, Wing Sun alikuwa na desturi ya kuleta pai bila kuagizwa. Mkono ulitoka na vipande vikubwa kuliko vyote walivyowahi kuona, mvuke unapanda, na juu ya kila kimoja palikuwa na aiskrimu.

“Imerudi,” Irene akasema, na hilo ndilo neno lililoimaliza pumzi yake. Aiskrimu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Mtu hawezi kuiacha aiskrimu iyeyuke baada ya kuisubiri tangu mwaka tisini na sita. Percy akatia uma, Irene akatia uma, mashavu yakajaa. Percy alinyanyua mkono kuonyesha kwamba anakuja, anakuja, amebakiza kumeza tu. Elmer naye alikuwa akitafuna, jicho kwenye saa ya baba yake, ambayo kweli inakimbia.

“Dakika imekwisha,” akasema. “Hoja imekosa wa kuiunga mkono. Imeanguka.”

Percy alimeza. “Nilikuwa nataka kusema—”

“Mwakani, Percy. Utaratibu ni utaratibu.”

“Basi mwakani,” Percy akasema. “Nikumbusheni.”

Lorraine alikuwa hajaigusa aiskrimu. Aliutazama mkono ukikusanya sahani tupu, ukizipanga moja juu ya nyingine bila kugonganisha. “Babu,” akasema taratibu, “ungewaacha na njaa dakika moja tu.” Mkono ulisimama, ukampigapiga juu ya kiganja mara mbili, ukaendelea na sahani.

Verna aliketi, akachukua kalamu. Orvale muhtasari husainiwa kabla watu hawajainuka, kwa kuwa theluji ikianza hujui mtakutana lini. Akaandika habari ya Dolly, kisha hoja ilivyotolewa na ilivyoanguka. Kisha akarudi juu kabisa, kwenye waliohudhuria, na chini ya majina manne ya kamati na la mgeni akaongeza, kwa herufi kubwa ambazo mtu asiye na miwani angezisoma: MAH WING SUN.

Elmer alisogezewa daftari. Alisoma yote, polepole, hata yale ya Dolly, akatikisa kichwa kukubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alipofika kwenye jina la sita akachukua rula, akalikata kwa mstari ulionyooka, akaandika pembeni, *Si mjumbe*. Akasaini.

Mkono ukatoka kwa mara ya mwisho siku ile, umeshika birika. Ukamwongezea kahawa yeye wa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, na haukumwaga hata tone juu ya daftari.

“Asante, Charlie,” Elmer akasema.