Kombeo la Mabula

Emelyne alikuwa akiosha vichupa vya maabara, pale chuoni Mpanda, baada ya chai ya saa nne, wakati marehemu mumewe alipoingia. Mabula alivua kandambili mlangoni, kama tangazo lilivyotaka, akauliza kazi imekwama wapi.

"Kwenye ribosomu, Baba Monika."

Akamweleza kwamba ribosomu ni vitu vidogo mno ndani ya seli, ndivyo vinavyotengeneza protini. Sindano alizochomwa Mabula wodini zilipaswa kuzizuia ribosomu za bakteria. Zilishindwa, naye akazikwa Magamba na kidonda chake mguuni. Emelyne alikuwa amewakuza bakteria walewale, akawapasua, ili aone dawa iliponyokwa na ribosomu wapi. Lakini ribosomu hazitui chini ya kichupa mpaka zizungushwe kwa kasi kubwa sana, na mashine iliyokuwepo iliweza kuzungusha damu tu. Ile kubwa ilikuwa imeombwa kabla Mabula hajaugua.

Mabula alikuwa mchungaji wa ng'ombe tangu utoto. Alifunga kichupa kwenye kombeo lake, akatoka uani.

"Kaa mbali, Mama Monika. Nyie wenye miili mnaumia upesi."

Akazungusha. Mkono ulionekana, kisha haukuonekana, na kuku wa mlinzi wakabanana ukutani kwa upepo. Kwa kuwa mikono ya marehemu ni ya baridi, sampuli haikuharibika. Alipomaliza, chini ya kichupa kulikuwa na tone angavu kama gundi ya mti. Emelyne aliliinua juani, akacheka, kisha akamfuta mumewe paji la uso kwa upindo wa kitenge, ingawa halikuwa na jasho.

Wiki iliyofuata wakubwa walikuja kukagua lile ombi la mashine. Walimtazama Mabula akizungusha, wakaridhika.

"Huyu analipwa posho?" aliuliza mmoja wao.

"Hapana. Ni marehemu."

"Basi vizuri. Nyie hamna shida."

Ile mashine kubwa ikapelekwa mkoa mwingine. Emelyne aliona dawa ilipoponyokwa, akawaarifu wa hospitali. Walimshukuru sana, wakaendelea kuchoma sindano zilezile, kwa sababu ndizo zilizokuwepo.

"Mimi nilidhani nakuja mara moja tu," alisema Mabula.

"Umechoka?"

"Kuchoka, hapana. Ila kule tuliambiwa tutapumzika."

Alinyoosha mkono apewe kichupa kingine. Emelyne alimpa, akachelewa kidogo kuuachia mkono wake.