Paa la Nyumba ya Casimir

Mimi ndiye niliyemtafutia mume wangu, Damas, ile kazi, na nimechoka kujifanya sijui.

Nyumba za kampuni hapa Shituru zilijengwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati, paa moja juu. Upande mmoja tuliishi sisi, upande wa pili Casimir na mkewe Clotilde, watu wa Kasai. Mwaka wa tisini na mbili, vijana wenyeji walipokuja kuwafukuza Wakasai, Damas alisimama mlangoni kwa Casimir, mikono mitupu, akawaambia waanze na yeye. Walimsukuma wakapita. Gaston wa barabara ya nyuma ndiye aliyewaongoza. Casimir na Clotilde walilala wiki sita kwenye gare wakingoja treni. Huku nyuma madirisha yao yaling'olewa, kisha mabati. Yalikuwa ya upande wao tu, lakini paa halijui mpaka: mvua ikawa inapita kwao na kutudondokea sisi, juu ya kitanda cha binti yetu Dodo, na kikohozi hakikumtoka tena.

Ikapita miaka miwili. Damas alikwenda kiwandani kila asubuhi, akakuta geti limefungwa, akarudi. Tulikula mara moja kwa siku, siku nyingine majani tu ya sombe bila ugali wa bukari. Kisha masista wa misioni wakaleta mabati ya kuezeka nyumba zilizobomolewa ili familia nyingine ziingie, na mafundi walipwe unga. Orodha ya mafundi wakaiachia kamati ya mtaa. Mkubwa wa kamati, Gaston. Aliyebomoa ndiye aliyepewa kujenga. Ukikaa sana hapa huoni ajabu.

Kwa kuezeka, hakuna anayemshinda Damas mtaani. Nikamwambia aende kuomba, akakataa. Alisema akila unga ule, watu watasema alisimama mlangoni akingojea paa. Nikamjibu kwamba waliobomoa watashiba, na sisi tuliokataa tutakohoa. Hiyo ni haki gani? Hata hivyo hakwenda. Nilimkasirikia sana. Usafi wake wa moyo ulikuwa mzuri, lakini hauivi chunguni.

Nikaenda mwenyewe. Gaston alikuwa karibu na bomba la maji na mafundi wake wanne, mbele ya wanawake waliopanga ndoo. Nikamwombea Damas kazi; hakunijibu kwa ukali.

“Siku ya kazi mulikatala, mama Dodo. Leo siku ya kula, njo munakuya?”

Nikamwambia mtoto anaumwa. Akasema anajua, naye ana watoto. Ila niseme tu, pale pale, watu wakisikia, kwamba Damas alikuwa pamoja nao siku ile; ataandikwa wa kwanza. Nilielewa anachotaka. Mtaa mzima mtu mmoja tu ndiye aliyewakatalia, na kila Gaston alipopita mlangoni petu alitazama chini. Mwenye njaa hana miiko. Nikasema.

“Damas alikuwa pamoya na ninyi.”

Wanawake wakaendelea kukinga maji. Nyumbani nikamdanganya Damas kwamba masista wenyewe wametaja jina lake. Alifurahi, maskini. Siku nne aliezeka upande wa Casimir akipiga mluzi, na kila alipokuja kunywa maji alisema Casimir akirudi atakuta nyumba nzima. Nilimpa maji nikageukia jiko.

Siku ya tano alirudi na mfuko wa unga begani, akautua mezani taratibu. Gaston alikuwa amempa mkono mbele ya wote, akamwita ndugu yao wa siku ile. Damas akauliza siku gani. Wakamwambia, tena wakamwambia nani aliyesema.

Nilingoja anipigie kelele. Akakaa mezani.

“Ku gare, Casimir aliniambia: siku batu bakiuliza nani alitufukuza, weye njo utasema. Sasa miye nitasema nini, mama Dodo? Nani ataniamini?”

Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na njaa. Nikasonga bukari. Dodo aliomba tena, nikamwongezea. Damas alikunywa maji tu.

Jioni mvua kubwa ikashuka. Kwa mazoea nikakimbilia chumbani na ndoo, nikaiweka mahali pake. Nikasimama nikiisikiliza mvua juu ya bati jipya. Hakuna tone lililoingia. Dodo alikuwa amelala, hakohoi. Nikabaki pale pale karibu na ndoo kavu, naogopa kutoka, maana Damas alikuwa bado amekaa mezani.