Dumu Nyuma ya Mlango

Luciana Limbu alifundisha kemia katika sekondari moja ya kata ya Kemambo, na muda wake wa majaribio kazini ulikuwa haujaisha. Kwao ni Maswa. Hapo shuleni hakuwa na ndugu, na kila kitu chake, kuanzia chumba cha kulala hadi kuthibitishwa kazini, kilipitia mikononi mwa mkuu wa shule, Mwalimu Wangwe.

Wangwe hakuwa mtu mbaya. Maabara ile alikuwa ameijenga pamoja na wazazi, akibeba tofali begani kama wao. Tatizo lake lilikuwa kuahidi. Katika kikao cha wazazi aliahidi kwamba siku ya mahafali mgeni rasmi angeona povu likiruka juu kama lile la kwenye video za simu. Kisha akamwita Luciana ofisini.

"Tumia ile chupa kubwa ya kioo. Ina shingo nyembamba, povu litapanda vizuri."

"Mkuu, kioo hapana," Luciana alisema. "Mchanganyiko ule unachemka wenyewe. Kioo kikipata joto ghafla kinapasuka, na vipande vinawarukia watu. Nitumie chupa za plastiki za soda, mdomo wazi, nizisimamishe ndani ya beseni."

"Chupa za soda? Mgeni rasmi aje kutazama takataka zetu?"

"Na dawa iwe ile nyepesi ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda."

"Ile inatoa povu la kunawia mikono." Wangwe alicheka, kisha akaacha kucheka. "Madam, ripoti yako ya majaribio naiandika mimi. Nisaidie na mimi."

Luciana aliitikia, "Sawa, Mkuu," akatoka. Angemwendea nani? Kukataa ni kurudi Maswa mikono mitupu, na kukubali ni kuwasimamisha watoto wa watu mbele ya kioo.

Baada ya siku chache mzazi mmoja, Nchagwa, alileta shuleni dumu la peroksaidi kali, dawa ile ile ya vidonda lakini isiyozimuliwa. Alikuwa kibarua kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu, na alitaka kusaidia shule ya binti yake. Luciana alilisukuma hadi kona ya stoo, nyuma ya maabara, akaandika juu yake LISIGUSWE. Dawa nyepesi aliinunua mwenyewe Tarime mjini.

Asubuhi ya mahafali alikwenda kuchota maji. Aliporudi stoo na ndoo yake alimkuta Wangwe ndani, koti amelitundika, mikono ya shati ameikunja. Juu ya benchi la zege ile chupa ya kioo ilikuwa na ufa kutoka shingoni hadi kitakoni, na povu lilikuwa limetapakaa hadi sakafuni.

"Nimejaribu kidogo," Wangwe alisema haraka. "Ingia, funga mlango, wanafunzi wanachungulia."

Luciana akafunga. Mlango wa stoo ulifunguka kwa ndani, na kwa kuwa komeo lilikuwa bovu, Wangwe alilivuta lile dumu la Nchagwa akaliegemeza mlangoni wanafunzi wasisukume.

"Umetia nini kwenye chupa, Mkuu?"

"Hiyo kali, na sabuni, na hamira. Lakini imepasuka mapema mno, nusu ya mchanganyiko ilibaki."

"Hiyo nusu iko wapi?"

"Nimeirudisha kwenye dumu. Unataka nimwage mali ya mzazi?"

"Na umefunga?"

"Nimekaza vizuri kabisa."

Luciana aligeuka. Dumu lilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja vidole. Mbavu zake zilizokuwa bapa zilikuwa zimeanza kuwa duara. Alisogeza kiganja karibu bila kugusa, akahisi joto.

Madirisha ya stoo yalikuwa na nondo, kwa sababu ya wezi. Mlango ulikuwa mmoja, na ili ufunguke ilibidi kwanza dumu liburutwe.

"Nalifungua," Wangwe alisema, akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

Luciana alimshika kifundo cha mkono. Hakuwa amewahi kumgusa mkuu wake hata kwa salamu. "Likikurukia usoni macho yanakwenda. Rudi nyuma ya benchi."

"Basi tulisogeze tutoke!"

"Na likipasuka tukiwa tumelikumbatia? Rudi nyuma, Mkuu. Tafadhali."

Kutoka nje zilisikika nyimbo za wahitimu na vicheko mlangoni kabisa. Luciana alipanda juu ya ndoo tupu iliyofudikizwa chini ya dirisha, akaweka mdomo kwenye nondo.

"Mwalimu Gati! Gati! Waondoe watoto mlangoni! Waondoe wote, usiniulize!"

Gati, mwalimu wa Kiswahili, alisikia ile sauti, akaacha kupanga viti, akawafukuza wahitimu na majoho yao kama anafukuza mbuzi shambani. Luciana akashuka, akachuchumaa nyuma ya zege kando ya mkuu wake. Chumba kilikuwa kidogo. Dumu lililia tena, mara hii kwa nguvu. Aliona jasho likishuka shingoni kwa Wangwe na akasikia akinong'ona kwa Kikurya, maneno ambayo hakuyaelewa. Yeye mwenyewe alimwaza mama yake, kisha hakuwaza kitu. Alisubiri tu. Hapakuwa na jambo jingine la kufanya, na hilo ndilo lililomtesa kuliko hofu yenyewe.

Dumu lilipasuka kwenye mshono. Ubao wa dari ulianguka, mvuke ukajaa, povu la moto likamwagika kila upande. Wangwe alikuwa ameinua mkono kujikinga, na dawa ilimrukia kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Ngozi ikageuka nyeupe. Luciana alimmwagia maji aliyokuwa ameyachota, akaendelea kumwagia mpaka ndoo ikaisha, kisha akaburuta mabaki ya dumu na kufungua mlango.

Sherehe haikuahirishwa. Wangwe alivaa koti lake, akaficha mkono, akashika kipaza sauti.

"Wageni wetu msiwe na wasiwasi kwa ule mlio. Mwalimu wetu wa kemia alikosea kipimo kidogo. Sasa anawaletea sayansi."

Luciana alisimama mbele ya maturubai akiwa na beseni na chupa yake ya plastiki. Nguo zake zilikuwa bado zimelowa. Alijiona bado yuko mle ndani, dumu liko mlangoni.

"Wazazi, shikamooni," alisema. "Sikukosea kipimo. Dawa iliyokwisha kuchanganywa ilirudishwa kwenye dumu, dumu likafungwa. Hewa inayotoka humo ni lazima ipate njia. Chombo cha kazi hii hakifungwi, na hakiwi cha kioo wala cha chuma."

Wangwe aliinamisha macho. Luciana akamimina hamira. Povu lilipanda polepole, likatoka mdomoni mwa chupa na kulala ndani ya beseni. Wengine walicheka kwa udogo wake, na mgeni rasmi akapiga makofi ya adabu.

Nchagwa peke yake ndiye aliyesimama.

"Mwalimu, nyumbani nina dawa kama hiyo. Nilitia kwenye dumu la zamani la togwa, sikulisafisha. Jana niliona limevimba, nikazidi kukaza."

"Liko wapi?"

"Chumbani kwa watoto."

Luciana aliacha beseni pale pale. Yeye, Gati na Nchagwa walipanda pikipiki mbili. Waliwatoa watoto na bibi yao nje, wakafunga njia ya uani, wakakaa mbali chini ya jua. Dumu lilipasuka kabla ya saa kumi, likang'oa bati moja juu ya vitanda vitupu. Nchagwa akawavuta watoto karibu naye.

Wangwe hakumtaja Luciana tena kwa jina. Muhula uliofuata Luciana alipata uhamisho wa kwenda kata ya Nyanungu, na hakuna aliyemwambia kama ni adhabu au ni utaratibu. Kuthibitishwa kwake bado kunasubiriwa. Huko alikuta shule isiyo na maabara, ila kabati moja tu la mbao lililojaa chupa zisizo na majina. Siku ya kwanza alizitoa zote nje, akaanza kulegeza vifuniko kimoja kimoja, uso wake akiwa ameugeuzia pembeni.